Somo la Kumi na Tisa

Nilianza kujifunza Kihispania kwa ubishi. Nilikuwa mfuaji wa nguo kwa masista wa zahanati ya misheni pale kijijini kwetu, upande wa Ikungi, na masista wale watatu kutoka Hispania walikuwa na mazoea ya kunizungumzia mbele yangu kwa lugha yao huku wakitabasamu. Mimi sipendi kusemwa. Kulikuwa na kitabu chakavu cha kujifunzia, kilichoachwa na mgeni fulani, nacho kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Nikamwomba Sista Amparo, mkubwa wao. Akacheka, akanipa. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa kinachechemea, kwa hiyo nikawa napigana na lugha mbili kwa mpigo. Baada ya mwaka mmoja na nusu niligundua kwamba muda wote ule walikuwa wananisema kwa jambo moja tu: natia sabuni nyingi.

Mwalimu sikuwa naye. Nilisoma nikisubiri nguo zikauke, nikasoma nikipika, na mwanangu Nathan nilimbembeleza kwa kuhesabu kwa Kihispania mpaka alale. Nilifika somo la kumi na tisa. Nathan akafa akiwa na miaka mitatu. Nikakifunga kitabu, nikaacha na kazi kwa masista. Imepita miaka ishirini na miwili.

Mwaka huu, mwezi wa tano, nilikuwa uani napiga alizeti kwa fimbo, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, nikamwona Sista Cecilia anakuja. Huyu ni msichana wa Kinyiramba, mpole, ndiye anayeendesha nyumba ya masista siku hizi. Wale wa Hispania walisharudi kwao zamani, isipokuwa Sista Amparo, aliyekataa katakata kuondoka. Kijiji kizima tulisema anatupenda.

"Shikamoo, Mama Stanley."

"Marahaba, Sista. Karibu, ila kukaa utakaa kwenye vumbi."

Hakukaa. Akaniambia Sista Amparo alipata kiharusi mwezi wa pili, amelala upande mmoja, na Kiswahili chote kimemtoka. Kinyaturu nacho, alichokuwa anawatania nacho wazee, kimekwenda. Kimebaki Kihispania peke yake, na pale nyumbani hakuna anayekijua.

"Anasema sana," akasema. "Hasa ikifika saa kumi jioni. Sisi tulidhani anasali. Lakini analia, mama. Na maneno ni yale yale kila siku. Wazee wakatuambia wewe ulikuwa unajua."

"Sista, mimi Kihispania nilikiacha wewe hujazaliwa."

"Nilikuwa nimezaliwa."

"Basi ulikuwa unanyonya."

Akacheka, na mimi nikacheka, na ukweli niuseme: nilivimba kichwa. Katika kijiji kizima, pamoja na walimu na mtendaji na wasomi wao wote, ni mimi Editha niliyehitajika. Nikasema nitakuja.

Jioni nilimwambia mume wangu, Calist. Alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Akaacha kugonga.

"Kile kitabu kiko wapi?"

"Kwenye sanduku la bati. Chini ya nguo za Nathan."

"Ungekiacha huko huko," akasema, akaendelea kugonga mpini wake. Calist si msemaji, na mimi nimezoea kutomsikiliza.

Kitabu nilikifungua pale nilipokuwa nimekunja ukurasa. Somo la kumi na tisa lilikuwa linaitwa Kwa Daktari. Chini yake kulikuwa na picha ya mtu amelala kitandani na kipimajoto mdomoni. Nikataka kuliruka nianze la ishirini, la sokoni, lakini mimi nikianza kitu nakianza pale kilipoishia. Nikachukua daftari la kurasa mia moja, nikapiga mistari miwili kama mwanafunzi wa darasa la tatu, nikaanza.

Siku za kwanza zilikuwa aibu tupu. Neno la maji nilikuwa nimelisahau, neno la sabuni nalikumbuka. Halafu maneno yakaanza kurudi kama kuku wanavyorudi jioni, mmoja mmoja, na wale usiowategemea ndio wa kwanza. Nilikuwa nayasema kwa sauti nikipepeta alizeti, maana lugha ukiisoma kimya haikai. Majirani walikuwa wanapita njiani wanapunguza mwendo. Nilidhani wananionea wivu.

Sista Amparo nilimkuta kwenye chumba cha mwisho, dirisha linatazama barabara ya kijiji. Mwanamke yule alikuwa mnene, sauti yake ikisikika mpaka kisimani. Sasa alikuwa amebaki kama nguo iliyokamuliwa. Nikasimama mlangoni nikasema, "Buenas tardes, hermana." Habari za mchana, dada. Akageuza kichwa haraka kuliko nilivyodhani mgonjwa anaweza. Hakunitambua. Alinitazama mdomo tu, akisubiri kitoke tena kitu.

Tukazungumza upuuzi: jua, upepo, chai. Nilikosea nusu ya maneno, naye hakujali. Ilipofika saa kumi, kengele ya shule ikagongwa ng'ambo, akaniacha. Macho yakaenda dirishani na akaanza, kwa sauti ya chini, haraka haraka, machozi yanashuka upande ule mmoja wa uso ulio hai. Nilishika neno moja tu. Niño. Mtoto wa kiume.

Sista Cecilia alikuwa amesimama nyuma yangu. "Anasali?" akauliza.

"Sijui bado," nikasema.

Nikaenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Kila alichosema nilikiandika kwenye daftari kwa jinsi nilivyokisikia, halafu nyumbani naketi na kitabu natafuta. Kazi ilikuwa inanipendeza, ndilo jambo linaloniuma hadi leo. Nilikuwa naifurahia kama mtu anayetegua kitendawili. Siku ya nne nilipata neno aguja. Nikalitafuta mwisho wa kitabu, sikulipata. Nikalipata kwenye somo la kumi na tisa, katikati ya orodha: sindano. Chini yake kulikuwa na frasco, chupa ya dawa, na chini yake tena homa, na kipimo cha dawa. Yote manne niliyakuta kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nikafunga kitabu. Nikajiambia huyu alikuwa mganga wa zahanati miaka thelathini, ataota nini kama si sindano?

Kesho yake asubuhi alikuja baba mdogo Elisha. Huyu ni mdogo wake marehemu baba mkwe wangu na ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Ana miaka karibu themanini, anatembea wima, na hana mazoea ya kuja kwa mtu bila sababu. Alisimama nje ya uzio wa miiba.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Nasikia umerudia zile sauti."

"Ni lugha, baba. Sista anaumwa, wameniomba nimsaidie."

"Zilipoingia mara ya kwanza, tulizika." Akatazama nyumba ya mwanangu Stanley, mdogo wake Nathan, aliyejenga pale pale uani kwetu. Mke wake alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. "Mimba ya huyu mke wa Stanley ina miezi mingapi?"

"Saba."

"Haya," akasema, akaondoka. Marahaba hakunipa.

Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Ili uelewe kwa nini, lazima nirudi nyuma, na sehemu hii siipendi.

Nathan alikuwa mzima Jumapili. Jumatatu akapata homa. Jumanne asubuhi mama mkwe wangu, Esta, mama yake Calist, akamchemshia mizizi, akamnywesha kwenye uji, kama alivyowafanyia watoto wote wa ukoo ule. Mchana tukampeleka zahanati kwa Sista Amparo. Saa kumi jioni akafa. Siku ya tatu baada ya mazishi wazee wakaketi ndani ya nyumba ya baba mkwe, Elisha akiongoza. Wanawake wote walibaki nje. Niliitwa mimi peke yangu.

Elisha alisema hivi: "Mtoto huyu alikuwa na vitu viwili ambavyo watoto wetu wengine hawana. Kuna maneno unayomwimbia, ambayo hakuna ajuaye maana yake. Na kuna uji wa mizizi aliopewa na bibi yake siku ile ile. Kimojawapo ndicho kilichomuua. Wewe ndiye mama yake. Sema."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilijua mwanamke akishasemwa uchawi anaishia wapi. Nikawatazama wazee wale mmoja mmoja, nikaona kwamba jibu la tatu hawalitaki.

"Uji," nikasema.

Mama Esta alitolewa mchana ule ule. Alichukua kapu na jembe, akapita barabara ya mbele ya zahanati watu wakiangalia, na baadaye tukasikia ameelekea upande wa Iramba. Kinachosemwa ndani na wazee kwetu hakitolewi nje, kwa hiyo nilijua hataambiwa ni nani aliyemtaja. Calist alilia, lakini mbele ya wazee hakufungua mdomo. Tangu siku ile jina la mama yake halikutajwa nyumbani kwetu, na mimi kitabu nikakizika chini ya nguo za mtoto. Baada ya muda nikauamini ule uji. Ilibidi niuamini, la sivyo ningelalaje?

Sasa unaona nilichokuwa nacho mkononi. Kama bibi yule wa Kihispania alikuwa anaota tu, basi mimi ni mama aliyefiwa. Kama haoti, mimi ndiye niliyemfukuza mama wa watu, mzee, bila kosa, na huenda bado yuko hai mahali fulani amebeba jina nililompa.

Nilikaa siku tatu bila kwenda. Nilijitia nina kazi. Alizeti ilikuwa imeshapigwa yote, nikawa nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Siku ya nne nikachukua daftari. Hasira ndiyo iliyonipeleka, si ujasiri. Nilikasirika kwamba kuna mtu analia kila siku kuhusu jambo linalonihusu na mimi nimejificha na ufagio.

Safari hii sikuandika. Nilikaa karibu, kichwa changu karibu na chake, na saa kumi ilipofika nikamsikiliza neno kwa neno, na kila neno lilikuwa tayari kichwani linanisubiri. El frasco era para el hombre. Chupa ilikuwa ya yule mwanaume. Nilimkumbuka: kitanda cha pili, dereva wa lori aliyekuwa na malaria kali, jitu la kilo tisini. Y se la puse al niño. Nikamchoma mtoto. Halafu akavuta pumzi, macho yakiwa barabarani. La vieja no hizo nada. Kikongwe hakufanya kitu. La vi pasar. Nilimwona akipita.

Akaanza tena mwanzo. Chupa ilikuwa ya yule mwanaume.

Nikaelewa pia kwa nini alikataa kurudi kwao. Miaka yote ile tulimsifu, na tulipomletea kuku wakati wa Pasaka alikuwa anawapokea bila kututazama usoni.

Nadhani nilitoa sauti, maana aliacha kusema, akanigeukia. Kwa mara ya kwanza alinitazama macho, si mdomo.

"¿Quién eres?" Wewe ni nani?

Ningeweza kusema mimi ni mfuaji. Ningeweza kusema rafiki. Ningetoa simu mfukoni, nikamwambia arudie, nikakirekodi kila kitu. Hayo yote niliyafikiria baadaye njiani. Pale nilikuwa namfikiria mwanangu.

"Soy la madre," nikasema. Mimi ndiye mama.

Mkono wake ule unaofanya kazi ukatambaa juu ya shuka mpaka ukakaribia wangu, ukasimama kabla haujafika. Akasema neno moja, perdón, kisha akageuza uso ukutani. Kengele ya shule kesho yake ililia saa kumi na yeye hakusema kitu. Wala kesho kutwa. Nilikwenda siku tano mfululizo nikakaa pale, nikamwita kwa jina, nikamwomba, mwisho nikamfokea mpaka Sista Cecilia akanishika bega. Siku ya sita akafa.

"Walau ulimtuliza," Sista Cecilia aliniambia kwenye mazishi. "Alikuwa anasema nini, mama?"

Watu walikuwa wengi. Elisha alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwetu, mikono nyuma.

"Alikuwa anasali," nikasema.

Nilijichukia papo hapo. Mara ya pili sasa, na bado kwa woga ule ule.

Jioni nilimpikia Calist ugali wa mtama na mlenda, nikanawa, nikaketi mbele yake, na kabla hajamega tonge nikamwambia yote. Chupa, dereva, sindano. Halafu nikamwambia nilichosema kwa wazee siku ile, neno lenyewe, kwa kuwa hata yeye alikuwa hajaambiwa na mimi. Nilitegemea anipige, ingawa hajawahi kunipiga. Akatazama chakula.

"Nilijua ulisema wewe," akasema. "Nani mwingine angesema? Waliokuwa ndani ni wale wazee na wewe."

"Na ukakaa na mimi?"

"Ningekwenda wapi? Nilikuwa nimeshapoteza mtoto na mama." Akasukuma bakuli la mlenda katikati yetu. "Huu umeupata wapi?"

"Si uliuleta wewe? Uliununua Kiomboi ulipopeleka alizeti."

"Sijawahi kununua mlenda maisha yangu. Mama anauchuma, anauanika, ananipa nikuletee. Miaka ishirini na miwili."

Nikalirudisha tonge kwenye sahani. Nilikuwa nakula kutoka mkononi mwa mwanamke yule tangu siku nilipomshitaki kwa chakula. Mimi, na Stanley, na sasa mjukuu aliye tumboni. Wote tumenenepa.

Calist akasema mama yake anaishi Kiomboi, huko huko Iramba, chumba kimoja, pembeni kabisa, na kwamba yeye humwona kila anapokwenda kule. "Na kila nikienda namwambia unamsalimia. Kwamba ulimlilia. Kwamba ni wazee peke yao waliomsema."

"Kwa nini?"

"Ili abaki na mkwe, hata kama hana kijiji."

Nikasema kesho naenda kumweleza. Calist akakasirika, na Calist akikasirika anazungumza polepole. Akasema ukitaka kumsafisha mama lazima useme mbele ya watu ni nani aliyemchafua, na mama atajua. Utampa jina lake kwa mkono huu, utamnyang'anya mkwe wake kwa mkono huu. "Na baba mdogo atauliza swali moja tu: nani mwingine anaijua lugha ya Sista? Utasema hakuna. Basi watakuwa na neno lako tupu, na wewe umeshakiri kwamba uliwahi kuwadanganya. Na mtoto wa Stanley anazaliwa lini?"

Nilikuwa nimeshayahesabu hayo yote. Lakini niliwaza mama mzee wa miaka themanini na zaidi, na kwamba akifa kabla sijasema, atazikwa na uji wangu. Asubuhi nikavaa. Calist naye akavaa, tukapanda gari la kwenda Singida mjini na pale tukapata basi la Kiomboi.

Tulimkuta ameketi nje kwenye ngozi ya mbuzi, anageuza mlenda juani. Amekuwa mdogo. Macho yana ukungu. Nilipiga magoti pale pale kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama."

Akainua uso, akasikiliza kwanza, kama anayeonja.

"Marahaba, Mama Nathan," akasema.

Hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu tulipozika. Nikaanza kulia kabla sijasema lolote, na kilio changu si kizuri, ni cha kelele. Akaningojea nimalize. Calist alikwenda kusimama mbali, karibu na choo, akatugeuzia mgongo.

Nikamwambia. Nilianza na neno langu, kwa sababu najijua, ningeanza na la Sista ningelificha langu nyuma yake. Nikasema, "Mama, siyo wazee. Waliniuliza mimi, nikasema uji. Ni mimi. Na kuna la Sista Amparo, nitakueleza."

Aliendelea kugeuza mlenda. Jani kwa jani.

"Najua," akasema.

"Calist amekuambia?"

"Calist hajui kama najua, na asijue. Dirisha la baba yenu lilikuwa halina ubao. Nilikuwa nimekaa chini yake. Sauti yako si ya kunong'ona, mwanangu, hata ukitaka." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mwezi uliofuata Calist akaja hapa, akaniambia, mama, Editha anakusalimia. Nikamtazama. Nikaona akijua kwamba nilisikia, hataweza kurudi kulala nyumbani kwake. Nikasema marahaba."

Nikashika majani, nikaanza kumsaidia kugeuza. Mimi, mwenye maneno ya lugha tatu na nusu.

"Hilo la Sista ndilo silijui," akasema. "Sema."

Nikamweleza polepole, chupa ya mtu mzima, kipimo cha jitu la kilo tisini, mwilini mwa mtoto wa miaka mitatu. Alinisikiliza hajasogea. Nilipomaliza akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Siyo mizizi," akasema.

"Siyo mizizi, mama."

"Una hakika? Usinionee huruma."

"Nimeyasikia kwa masikio yangu, na nimeyasoma mpaka nikayaelewa. Siyo mizizi."

Akayasukuma majani pembeni. "Niliichimba alfajiri," akasema, "giza halijaisha. Mti ule una mwenzake anayefanana naye, mbaya. Miaka yote hii nimelala na kuamka najiuliza kama nilichimba wenyewe. Nyinyi mliniita mchawi, hilo lilinipita, nilijua si kweli. Lakini kukosea mti ningeweza. Nilidhani nimemuua mjukuu wangu kwa mkono huu." Akauinua mkono, akautazama kwa macho yale yasiyoona vizuri, na ndipo akalia. Hakulia kwa sauti. Aliyumba tu, mbele na nyuma, mpaka Calist akageuka na kuja mbio.

Alipotulia aliomba maji. Akanywa, akanawa uso kwa yaliyobaki.

"Nirudishe nyumbani," akaniambia. "Lakini si kwa kuninyatisha. Walinitoa mchana, watu wanaangalia."

"Mama, Elisha bado yupo. Ataniuliza nani mwingine anaijua lugha hiyo, nitasema hakuna. Mke wa Stanley anajifungua mwezi wa saba. Likimpata lolote, au likimpata mtoto, wataketi tena ndani, na safari hii hawataniita nichague." Nikamshika magoti. "Naogopa, mama."

"Na mimi niliogopa," akasema. Akashika ukuta, akasimama, akaingia ndani kutafuta viatu vyake.